Makosa 1,312 Sebuleni

Kompyuta ya nyumbani kwetu Nyamirambo ni okazi kutoka Ubelgiji. Ilitumika kwenye ofisi moja huko kwa miaka, ikastaafishwa, ikapakiwa kwenye kontena, ikatufikia na kibodi yake ya Kifaransa ambayo A imekalia kiti cha Q na tarakimu hazitoki mpaka ushikilie Shift. Watoto waliizoea upesi. Mke wangu alikata vipande vya plasta nyeupe, akaviandika herufi kwa wino, akavibandika juu ya vitufe. Baada ya msimu mmoja wa harusi vilikuwa na rangi ya mafuta ya kukaangia.

Maana mwenye kompyuta ni yeye. Anapikia harusi na maulidi: sambusa, vitumbua, mandazi, chapati, pilau ikibidi, na biashara yote imo humo ndani, oda, bei, ankara za EBM, mfumo wa ankara za kodi, na VAT ambayo lazima iwe imewasilishwa kabla tarehe 15 haijapita. Binti yetu mkubwa, wa sekondari, hupata zamu jioni. Mdogo wake hupata zamu kwa ujanja. Mama yangu, ambaye mtaa mzima humwita Bibi, huwekewa kisomo cha Qurani siku ya Ijumaa. Mimi huandika makala usiku, wakati hakuna mwingine anayeitaka.

Ikaanza kuwa nzito. Ukibonyeza kitufe asubuhi ulikuwa na wasaa wa kuchemsha chai ya mukaru, kuinywa, kusuuza kikombe, na kurudi kukuta kile kiduara cha Windows bado kinazunguka. Ukifungua barua pepe, feni ilivuma hadi Bibi akauliza kama ni mvua. Na huo ulikuwa msimu wa icyi wa mwaka 2024, Julai, ambapo mvua haitarajiwi Kigali, vumbi jekundu linapanda kutoka kila kona, na kila mwenye ndugu ughaibuni anangoja aje likizo ndipo aoe. Oda zilikuwa nyingi kuliko masufuria.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, alikuja shemeji yangu. Ni mdogo wake mke wangu, anafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi upande wa Nyabugogo, na kwa kuwa siku nzima anashika mashine, ukoo umempa cheo cha mtaalamu bila mtihani. Aliegemeza jembe mlangoni, akanawa mikono, akakaa mbele ya skrini na kuguna kama daktari.

"Dada, hii imejaa uchafu."

"Uchafu gani? Naifuta kila siku."

"Wa ndani, dada. Wa ndani."

Neno hilo naomba msomaji alihifadhi, kwa sababu shemeji alikuwa amesema kweli bila kujua amesema nini.

Alipakua programu ya kusafisha na kuongeza kasi. Jina lake silitaji. Wenzake wa aina hiyo ni wengi na sura zao ni moja. Ilikuwa ya bure, na ilifungua dirisha lenye saa ya kasi iliyochorwa kwa mfano wa ile ya gari, mshale ukatetemeka, ukaenda upande mwekundu, ukabaki hapo. Chini yake maandishi makubwa: makosa 1,312 yamegunduliwa, hali ya kompyuta yako ni mbaya sana.

Sebule ilinyamaza. Bibi alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Makosa elfu moja na mia tatu! Na nyinyi mnalala humu ndani na watoto?"

Kuyaona makosa ilikuwa bure. Kuyarekebisha kulihitaji leseni, na leseni ilihitaji kadi ya benki inayokubalika ng'ambo. Shemeji alifanya jambo ambalo ukoo wetu hufanya penye fedha za kigeni: alimrekodia shangazi yangu wa Brussels ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, akatumia neno "virusi" mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima. Shangazi alijibu papo hapo, nyuma yake tramu inapita. "Wanangu, msiteseke na mashine. Nalipa mimi." Akalipa yuro 39. Kwenye ukurasa wa malipo kulikuwa na kisanduku kidogo, kimeshawekewa tiki tayari, kinachosema leseni itajihuisha yenyewe kila mwaka. Shangazi alikuwa anasoma bila miwani.

Sasa, makosa yenyewe yalikuwa nini? Wakati wakubwa wanashangilia mshale unaopanda kwenda kijani, binti yetu alifungua orodha ambayo programu haikutarajia mtu aisome. Zaidi ya nusu vilikuwa vidakuzi, vile vijifaili ambavyo tovuti huviacha ili zikukumbuke ukirudi. Vidakuzi vinaweza kukufuatilia ukitembea mtandaoni, hilo ni jambo jingine, lakini kasi ya kompyuta havigusi. Sehemu nyingine ilikuwa mafaili ya muda. Iliyobaki ilikuwa mistari ya registri isiyo na mwenyewe, mingi ikihusu printa ambayo bila shaka bado iko Ubelgiji.

Registri ndiyo chakula kikuu cha programu hizi, kwa sababu watu wachache wanajua ni nini na jina lake linatisha. Ni hifadhidata ambamo Windows huweka mipangilio yake na ya programu zilizomo, na imekuwa moyo wa mfumo huo tangu Windows 95. Ina mamia ya maelfu ya mistari. Ukifuta mia mbili tatu ya printa isiyokuwepo, hutaona tofauti, kwa sababu Windows haiisomi yote tangu mwanzo. Huenda moja kwa moja kwenye mstari inaouhitaji. Ukifuta mstari usiopaswa kufutwa, hapo tofauti utaiona. Microsoft inasema waziwazi kwamba haiungi mkono visafishaji vya registri, na kwamba madhara yake huenda yakakulazimisha kuweka Windows upya.

Sisi hatukufika huko. Madhara yetu yalikuja kwa njia nyingine. Katika kusafisha, programu ilifuta pia kila nywila iliyohifadhiwa kwenye kivinjari, ikiwemo ile ya kuingilia kwenye mfumo wa kodi. Jambo hilo liligundulika mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 14.

Mke wangu hakupandisha sauti. Mtu asiyemjua angedhani amelikubali. Aliketi mbele ya kisanduku tupu cha nywila, akakunja mikono, akamwita mdogo wake kwa simu, akamwambia neno moja tu: "Njoo." Shemeji alifika kwa pikipiki, kofia ya abiria bado kichwani. Tulijaribu tarehe za kuzaliwa za watoto wote. Tulijaribu jina la biashara likiwa na herufi kubwa, kisha bila. Mfumo, kama ilivyo haki yake, ulitufungia mlango kwa muda. Tukageuza nyumba: droo, mikoba, kopo la karafuu. Bibi, aliyekuwa ameketi na tasbihi yake, akauliza tunatafuta nini, na alipoambiwa akasema, "Si ile aliyoiandika kwenye kalenda ya bucha?" Kalenda ya bucha ilikuwa ya mwaka uliopita. Ilikuwa imetandikwa chini ya mitungi ya samli stoo. VAT iliwasilishwa tarehe 15 asubuhi, karatasi ikinuka samli.

Baada ya mkasa huo binti yetu aliamua kupima. Kabla ya usafi, kwa hiari yake, alikuwa ameshika simu na kuhesabu muda tangu kitufe kubonyezwa hadi kivinjari kufunguka: dakika 4 na sekunde 10. Baada ya usafi, baada ya yuro 39, baada ya mshale kukaa kijani na programu kutangaza kwamba kasi imeongezeka kwa asilimia 78 (asilimia 78 ya nini, haikusema), alihesabu tena. Dakika 4 na sekunde 25.

"Umekosea kuhesabu," alisema shemeji.

Akahesabu tena mbele yake. Sekunde zikaongezeka kidogo.

Sababu aliionyesha mwenyewe kwenye Kidhibiti cha Kazi, kile ambacho Windows inacho bila malipo na ambacho hufunguka ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta, kulikuwa na mgeni mpya na wasaidizi wake: mmoja wa kusafisha, mmoja wa kulinda, mmoja wa kutafuta matoleo mapya, na mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuchungulia kwenye kona ya skrini na kukumbusha kwamba kuna leseni kubwa zaidi. Programu ya kuondoa mzigo ilikuwa imejipakia juu ya mzigo. Na kwenye safu ya diski kulikuwa na namba iliyogoma kushuka: asilimia 100.

Shemeji hakushawishika. Kwa macho yake kompyuta ilikuwa nyepesi zaidi, na naamini hakuwa anadanganya. Kompyuta yoyote iliyozimwa na kuwashwa upya hupumua vizuri kwa saa moja, na aliyeshuhudia mshale ukienda kijani huona kijani kila mahali.

Tena programu yake ina wenzake wengi, na wauzaji wa baadhi yao wamewahi kuhitaji mawakili. Mwaka 1995 Wamarekani waliuziwa programu iitwayo SoftRAM, ambayo ilidai kuongeza RAM ya kompyuta mara mbili bila kununua kipande chochote cha vifaa. Ilinunuliwa kwa mamia ya maelfu. Wataalamu walipoifumua wakakuta toleo lake la Windows 95 halifanyi hata hicho kinachodaiwa. Lilichofanya vizuri ni kuonyesha namba kubwa kwenye skrini. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ikaifuata kampuni iliyoitengeneza mwaka uliofuata.

Karibu zaidi na siku zetu kuna kisa cha Office Depot, mtandao mkubwa wa maduka ya vifaa vya ofisi. Wateja walipeleka kompyuta kupimwa afya bure. Mfanyakazi aliuliza maswali machache, je, kompyuta inaenda polepole, je, inazimika yenyewe, na kuweka tiki. Kisha programu ilionekana kupekua mashine kwa bidii. Kwa maelezo ya FTC, matokeo yalitokana na tiki, si na upekuzi: ukishajibu ndiyo kwa swali lolote, taarifa ya kuwepo programu hasidi ilikuwa imeshaiva. Jambo lilifichuka mwaka 2016 waandishi wa kituo cha televisheni cha Seattle walipopeleka kompyuta mpya kabisa, za kutoka kwenye boksi, nazo zikaambiwa zinaumwa. Mwaka 2019 Office Depot ilikubali kulipa dola milioni 25, na kampuni iliyotengeneza programu hiyo, Support.com, dola milioni 10. Mwaka 2024, miezi michache kabla shemeji hajaegemeza jembe lake mlangoni kwetu, kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 kwa madai ya kuwatisha watu kwa maonyo ya uongo ili wanunue marekebisho.

Hata zile zenye jina zuri zina historia yake. CCleaner, iliyopendwa duniani kote, kati ya Agosti na Septemba 2017 ilisambazwa ikiwa na msimbo hasidi ambao wadukuzi waliupenyeza kwa watengenezaji wenyewe. Kompyuta milioni 2.27 zilipokea toleo hilo. Waliodhurika hawakupakua kitu mahali pa kichochoroni. Walifuata njia rasmi. Mwaka uliofuata, kuanzia Machi 2018, kinga ya Windows yenyewe ikaanza kuziondoa programu za kusafisha zinazotisha watu kwa upekuzi wa bure kisha kudai fedha za kurekebisha. Ya kwetu ilipenya, nadhani kwa sababu ilijifunza adabu: haikusema "nunua sasa la sivyo". Ilionyesha tu mshale.

Nisionekane nasema kwamba kusafisha hakuna faida kamwe. Diski ikijaa pomoni, Windows inakosa pa kuweka mafaili yake ya muda na masasisho, na hapo kufuta kunasaidia kweli. Kuzuia programu zisizo na kazi zisiamke asubuhi kunasaidia kweli. Lakini hayo yote Windows inayo ndani: ya kusafisha diski imo tangu siku za Windows 98, na kupanga upya vipande vya mafaili kwenye diski za kuzunguka, kazi ambayo zamani watu walinunulia programu, imekuwa ikifanyika kwa ratiba yenyewe tangu Windows Vista ya 2007. Unachouziwa ni kitufe kikubwa juu ya vitufe vidogo ulivyonavyo.

Mwishowe mke wangu alichukua uamuzi. Alifunga kompyuta kwa kitenge, akaiweka kati ya magoti yake ndani ya teksi, akaipeleka mjini kwa fundi mmoja karibu na jengo la CHIC ambaye mke wangu alikuwa amempikia harusi ya dada yake. Nami nikaenda, kama mbeba kibodi.

Fundi hakuiwasha. Alifungua skrubu, akavuta ubavu wa kisanduku, akatazama ndani, kisha akamtazama mke wangu kwa muda.

"Mama, humu ndani mnapika chapati?"

Ulikuwa unga. Unga wa ngano, tabaka kwa tabaka, umechanganyika na vumbi jekundu la icyi na mvuke wa mafuta, ukakauka kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, mgumu kiasi kwamba fundi alichukua mswaki. Kompyuta ilikuwa imewekwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka kwenye meza ya kusukumia, na feni yake ilikuwa ikivuta hewa ya jikoni msimu mzima. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana feni ilivuma kama mvua na kazi haiendi. Hakuna programu duniani ambayo ingeliweka kosa hilo kwenye orodha yake ya 1,312.

Aliusugua, akapuliza kwa mashine, akabadilisha ile krimu inayokaa kati ya prosesa na kipoozi. Kisha akaichomoa diski, akaigongagonga kwa kidole. Ilikuwa ya kuzunguka, ya kizamani, sahani ndani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta. Kila kutafuta ni milisekunde kumi hivi. Inasikika ni kidogo, lakini Windows ikiamka inatafuta mara maelfu. SSD haina kinachozunguka, na hufika kwenye data katika sehemu ndogo ya milisekunde.

"Na RAM ni 4," alisema. Mke wangu akataka aelezwe RAM kwa lugha ya mtu mzima.

"Ni meza yako ya kusukumia, mama. Diski ni stoo. Meza ikiwa ndogo, kila ukitaka kusukuma lazima kwanza urudishe kitu stoo. Wale wanaouza programu ya kusafisha RAM wanakufagilia meza, unga na sufuria zote zinarudi stoo, halafu unaanza tena kuzifuata."

Mke wangu alielewa kiasi cha kukasirika upya.

SSD ya GB 256 ilikuwa faranga 35,000. RAM ya mtumba, kufikisha GB 8, faranga 12,000. Usafi wa unga aliutoa bure kwa heshima ya harusi ya dada yake. Yuro 39 za shangazi, kwa bei ya benki, zilikuwa zaidi ya bei ya SSD na RAM kwa pamoja, nami nilifanya hesabu hiyo kimoyomoyo ndani ya teksi nikaamua kuiacha huko huko. Fundi alinakili kila kitu kwenye diski mpya, akaiondoa ile programu na wasaidizi wake, na kutuonya kuhusu jambo moja ambalo mswaki hauliwezi: prosesa ya umri huo haikubaliwi na Windows 11, na Windows 10 ingepoteza msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo imeshapita. Binti yetu anataka kuweka Linux. Mama yake hataki kusikia neno hilo mpaka msimu wa harusi uishe, na msimu wa harusi Kigali una tabia ya kutokwisha.

Usiku ule binti alishika simu, akabonyeza kitufe, akahesabu. Sekunde 31, kivinjari kimefunguka. Mdogo wake alipiga makofi. Bibi alilalamika kwamba sasa hapati hata muda wa kuvaa miwani. Kompyuta ilihamishiwa chumbani kwetu, mbali na unga, jambo lililonipokonya usiku wangu wa kuandika, kwa kuwa mke wangu halali na taa ikiwaka.

Shemeji alikuja kutembea baadaye, akaiwasha, akaona ilivyoruka. Aliegemea kiti.

"Mnaona? Niliwaambia. Ile programu ilihitaji muda tu kuzoea mashine."

Hakuna aliyebishana naye. Ni mgeni, na chai ilikuwa mezani. Aliendelea kuisimulia hadithi hiyo Nyabugogo, na nasikia kuna waliomwamini.

Julai ya mwaka uliofuata simu ilianza kulia asubuhi na mapema, saa za Brussels zikiwa sawa na zetu wakati wa kiangazi. Shangazi alikuwa amepata taarifa ya benki. Yuro 39 nyingine zimekatwa na kampuni ambayo hakuikumbuka hata jina. Programu ilikuwa imeondolewa kwenye kompyuta karibu mwaka mzima uliopita, lakini usajili haukai kwenye kompyuta. Unakaa kwenye kadi. Ilibidi binti yetu amwongoze kwa video kuutafuta na kuusitisha, kitufe kikiwa kimefichwa chini ya kurasa kadhaa za kumsihi asiondoke, shangazi akiwa safari hii amevaa miwani.

Shemeji, aliyekuwa sebuleni, akachukua simu kumtuliza. Akamweleza kwamba fedha hazikupotea, kwamba atazame mwenyewe mashine inavyoenda, sekunde 31 tu, na akaingia na simu chumbani, akageuza kamera ili aone kompyuta ikiwaka.

Shangazi alitazama mpaka kivinjari kikafunguka.

"Inakwenda vizuri kweli," alisema. "Basi, mwanangu, kama ni hiyo programu yako iliyoiponya, ni yuro 78. Nakutumia namba ya akaunti sasa hivi."